Walimu vijana wa hesabu, topiki haiishi siku ya jaribio

Wanangu walimu wa hesabu, wa msingi na wa sekondari, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, chaki nimeshaiweka ila wajukuu wananiletea madaftari yao kila jioni kwahiyo naona mnavyofundisha, na kuna jambo linaniuma. Kila matokeo ya form four yakitoka hesabu ndo inaburuta mkia, alafu watu wanasema watoto wa siku hizi vichwa vizito. Sikubali. Wengi wanaelewa siku ile mnayofundisha, kisha wanasahau, na sisi tunapanga kazi kana kwamba kusahau hakupo.

Angalieni hesabu za sehemu, zile za 1/2 na 3/4. Mnafundisha kujumlisha sehemu wiki mbili, Ijumaa jaribio, darasa linafanya vizuri, Jumatatu mko kwenye desimali na sehemu hazionekani tena mpaka mtihani wa muhula. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijipima kumbukumbu zake mwenyewe akatoa kitabu mwaka 1885, akaonyesha kwamba ulichojifunza kinapotea kwa kasi sana mwanzoni, ila ukikirudia kwa kuacha siku katikati kinakaa kuliko ukikirundika siku moja. Tangu 1885! Na bado tunawapa maswali 20 ya aina moja jioni moja kisha hiyo topiki kwaheri.

Hayo maswali 20 ndo nataka tukae nayo kidogo. Ubaoni umeandika ENEO LA MSTATILI, mtoto hana haja ya kusoma swali, anachukua namba mbili anazidisha, anapata vema zote, wewe unafurahi, yeye anafurahi. Mwezi unaofuata anakutana na swali hili: shamba lina urefu wa mita 40 na upana wa mita 25, mwenye shamba anataka kulizungushia senyenge mstari mmoja, anunue mita ngapi? Anajibu 1,000. Kuzidisha anajua kabisa, ila hapo ni mzingo, yani urefu wa kuzunguka shamba lote, jibu ni 130, na kazi ya kuchagua njia hajawahi kuifanya hata siku moja manake kila siku ubao ulimchagulia.

Doug Rohrer na wenzake kule Florida, Marekani, walilipima jambo hili kwenye madarasa 54 ya grade ya saba. Madarasa mengine yalipewa mazoezi yaliyochanganya aina za maswali, mengine zoezi la aina moja moja kama tulivyozoea. Baada ya mwezi wakawapa mtihani bila kuwatangazia: waliochanganyiwa walipata wastani wa asilimia 61, wale wengine 38. Matokeo yalichapishwa 2020. Sasa msitishike, mkichanganya maswali watoto watakosea zaidi siku ya zoezi na watakuwa wazito kumaliza, mwalimu mkuu akipita atadhani hujafundisha, wewe vumilia kwasababu kinachotafutwa ni anachokumbuka baadaye.

Na kukumbuka kwenyewe kunajengwa kwa kuvuta kitu kutoka kichwani, siyo kusoma notisi tena na tena. Dakika kumi za mwanzo wa kipindi wafunge madaftari, andika maswali manne ubaoni, moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita, moja la muhula uliopita. Una watoto 90? Wabadilishane daftari wasahihishiane, fanyeni masahihisho hapo hapo, na msirekodi maksi, mkirekodi wataanza kuibia.

Mtu asinielewe vibaya nikasemwa nataka kukariri. MAGAZIJUTO, ule mpangilio wa mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, wanaiimba wote na bado wanakosa. Mtoto akikuandikia 3/4 + 1/6 = 4/10, usiweke kosa ukapita. Muulize, 3/4 ni zaidi ya nusu au pungufu? Zaidi. Na 4/10? Pungufu. Tumeongeza kitu, inakuwaje kimepungua? Hapo sasa atakusikiliza ukimwambia KDS, yani kigawe kidogo cha shirika, ya 4 na 6 ni 12, tunapata 9/12 na 2/12, jibu 11/12, yani hata sababu ya kutafuta KDS ameiona.

Kuhusu hili la kusema mwanafunzi agundue kila kitu mwenyewe, tuwe makini. Akili inashika vitu vichache sana kwa wakati mmoja, na mtoto mgeni wa mada akiachiwa swali lote peke yake anajaa kabla hajajifunza. John Sweller na Graham Cooper wa Australia walionyesha mwaka 1985, kwenye aljebra, kwamba anayeanza ananufaika zaidi akisoma maswali yaliyokwisha kufanywa kuliko kupambana nayo yote mwenyewe. Mpe mfano uliokamilika, alafu ulioachwa hatua ya mwisho, alafu hatua mbili, kisha mwachie. Akishaweza, acha mifano, mpe maswali magumu.

Nyie wa form one mna mzigo wa ziada, mtoto katoka msingi na maneno kama mzingo na asili (namba ya chini ya sehemu), leo anasikia kila kitu kwa Kiingereza, nafasi ndogo ile kichwani inaliwa na lugha. Mwambieni kwa lugha zote mbili mpaka ashike. Na fimbo kwa aliyekosa hesabu iacheni kabisa, hofu nayo inakula nafasi hiyo hiyo.

Najua mtaniambia mzee, silabasi haitaisha. Basi anzeni na mkondo mmoja tu, A uchanganyiwe maswali na B uendelee kama kawaida, baada ya mwezi mmoja wapeni wote swali la senyenge na mengine ya namna hiyo bila kuwaambia, na maksi zake mpeleke kwenye kikao cha idara.

Ni mimi mzee wenu, mwalimu mstaafu.