Mishale ya kibodi na programu za BASIC

Mhariri,

Baadhi ya walimu bado wanafundisha lugha ya programu ya BASIC kwa programu za zamani za QuickBASIC 4.5, kompaila ya Microsoft. Zikihamishiwa FreeBASIC, kompaila huria ya leo, mishale ya kibodi hukataa kufanya kazi, na mwanafunzi hudhani kibodi imeharibika. Kibodi ni nzima. Ukibonyeza mshale wa juu, INKEY$ ya QuickBASIC, yaani amri inayosoma kitufe kilichobonyezwa, hurudisha herufi mbili: CHR$(0), yaani herufi yenye namba 0, na "H". FreeBASIC, katika lahaja yake ya kawaida (aina ya BASIC inayoifuata usipoiamuru vingine), huanza na CHR$(255). Kwa hiyo sharti linalotafuta CHR$(0) halitimii kamwe, wala hakuna ujumbe wa kosa. Hilo ndilo linalopoteza saa nyingi.

Dawa ya uhakika ni kuweka jibu la INKEY$ kwenye kigeu k, kilichotangazwa kwa DIM k AS STRING, kisha kupima urefu wake: IF LEN(k) = 2 AND RIGHT$(k, 1) = "H". Hiyo hufanya kazi kote kuwili. Soma INKEY$ mara moja tu katika kila mzunguko, uihifadhi kwenye k. Ukiiita tena, kitufe kilichobonyezwa kimeshapotea.

Kompaila ya FreeBASIC ikilalamikia vigeu visivyotangazwa, tumia amri fbc -lang qb mchezo.bas, inayoifanya ifuate lahaja ya QuickBASIC (mchezo.bas ni jina la faili la programu yako). Angalieni pia SLEEP 2, amri ya kusubiri: QuickBASIC husubiri sekunde 2, lahaja ya kawaida ya FreeBASIC milisekunde 2.

Mwalimu wa kompyuta,
Morogoro