Shoga yangu, ujumbe wako wa saa saba usiku

Shoga yangu,

Ama baada ya salamu, ujumbe wako niliuona asubuhi. Uliutuma saa saba na dakika kumi usiku, nami najua ulikuwa bado ofisini maana ilikuwa tarehe 31. Mnafunga hesabu za mwezi. Umeniuliza neno moja tu: "Hujutii?" Yaani kuacha kazi ya benki nikarudi shamba. Nakujibu hapa hadharani, kwa sababu si wewe peke yako unayeniuliza.

Najuta, mara mojamoja. Tarehe 25 ikifika na simu isilie ule mlio wa mshahara, moyo hunidunda. Ada ya mtoto muhula huu nimeilipa kwa mafungu. Lile gari ulilokuwa ukilisifia nimeliuza. Mjomba wangu mpaka leo anawaambia watu niko likizo, na huu ni mwaka wa tatu.

Ila unaikumbuka siku uliyonipeleka hospitali? Presha 170 kwa 110, umri miaka 38. Daktari ananiuliza nalala saa ngapi, nami kichwa nimekiinamisha namjibu meneja barua pepe. Yule daktari akaweka kalamu mezani, akanyamaza kunisubiri nimalize. Aibu ile sijaisahau.

Basi nikarudi Pemba, kwenye shamba la marehemu baba, upande wa Wete. Ninyi wa Dar mkisikia shamba mnaona mtu kakaa chini ya mti na dafu mkononi. Msimu wa karafuu huku hakai mtu. Karafuu huchumwa ingali tumba, imeanza tu kuona wekundu; ikichanua, thamani yake imekwenda. Kwa hiyo miti yote inakuita siku zilezile. Wachumaji wanapanda alfajiri, jioni magunia yanashuka, na baada ya isha tunakaa barazani duara zima, wanawake, watoto na majirani, tunachambua. Unashika kishada, unakisugua juu ya kiganja, karafuu huku, makonyo kule. Vidole vinageuka rangi ya kahawia na vinanukia hata ule samaki na mchuzi wake wa chukuchuku.

Mchumaji hulipwa kwa pishi, kile kipimo cha ujazo. Mwaka wa kwanza, mimi na akili zangu za benki, nikatengeneza jedwali kwenye kompyuta: jina, mti, pishi, wastani wa siku. Shangazi akalitazama kwa heshima zote, akauliza, "Na mvua umeiandika wapi?"

Mvua ilikuja siku ya pili ya kuanika. Karafuu zinataka jua siku tatu, nne, mpaka ukiivunja moja ilie. Zangu zilikuwa zimetandazwa kwenye majamvi uani, nami niko ndani nabishana kwa simu na mteja wangu wa zamani, mambo ambayo hata hayanihusu tena. Watoto wakapiga kelele, "Wingu! Wingu!" Nikasema dakika moja. Dakika moja ya ofisini wewe unaijua. Kutoka nje, nusu imelowa. Zikavunda, zikapauka, zikawa mpeta. Kule kituoni kwa ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, karafuu hupangwa kwa madaraja, na mpeta una daraja lake la chini na bei yake ya huzuni. Shangazi hakunigombeza. Alinipa upande mmoja wa jamvi, akashika mwingine, tukaanza kukung'uta maji.

Usije ukadhani nimekimbia kazi, shoga. Mgongo wangu unauma kuliko zamani. Tofauti ni kwamba karafuu zina mwisho. Jamvi la mwisho likikunjwa, limekunjwa. Na mwaka mwingine miti inagoma kuzaa, na hakuna wa kuiandikia barua ya kujieleza. Tarehe 31 yenu haikunjwi; hata Februari mnaletewa kwa jina jingine.

Sasa hapa nikwambie ukweli ambao wanaoandika habari hizi huwa wanauruka. Mimi nilirithi miti. Mkarafuu ukiupanda leo utasubiri miaka kadhaa kabla hujanusa kitu, na wewe kwenu hakuna shamba. Nilikuwa pia na akiba ya miezi 14, na ilikwisha kwa miezi 11 tu. Kwa hiyo barua ya kuacha kazi usiiandike usiku wa kufunga hesabu. Omba likizo yako ile unayoirundika kila mwaka, uje masika, wakati hakuna karafuu, njia tope, umeme unakwenda na kurudi. Tuone kama utaweza kukaa wiki mbili bila mtu kukuhitaji. Mimi wiki ya kwanza nililia.

Panda boti mpaka Unguja, halafu ile ya Mkoani. Nitakuja kukupokea bandarini. Na kwenye droo ya meza yangu ya zamani, kama hawajaitupa, kuna miwani yangu ya kusomea. Niletee. Shangazi anaitaka ya kuchambulia.