Wasifu ambao haukusomwa

Bukoba, Jumapili jioni

Dada yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Salamu zako za rambirambi nilizifikisha kwa wafiwa kama ulivyoniagiza, pamoja na mkono wa pole ulioutuma kwa simu, nao wanakushukuru. Mama Mwenyekiti tulimzika Alhamisi alasiri katika kibanja chake, kando ya migomba ile ile aliyokuwa akitukemea tusiikate majani. WAWATA, wanawake Wakatoliki wenzake, walijaa na vitenge vyao vya sare, na mvua ilituvumilia mpaka shada la mwisho lilipowekwa.

Kilichonifanya nishike kalamu ni wasifu wa marehemu. Ulisomwa vizuri, lakini ulikuwa wasifu wa vyeo: mwenyekiti wa jumuiya, mweka hazina wa kigango, mjumbe wa halmashauri ya walei, mjumbe wa kamati ya shule. Yote ni kweli. Hata hivyo, muda wote nilikuwa nikisubiri msomaji afike kwenye ile miaka ambayo sisi wa rika letu hatuwezi kuisahau, naye hakufika. Alisema tu kwamba marehemu "alihudumia wagonjwa", kisha akahamia kwenye ujenzi wa nyumba ya mapadre.

Miaka ninayoisema unaijua. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa hapa mkoani kwetu mwaka 1983, na kabla watu hawajazoea jina hilo ugonjwa uliitwa Juliana, kwa jina la zile nguo za magendo zilizokuwa zikivushwa kutoka Uganda. Mjomba wangu alirudi kutoka Kampala mwaka 1989, amekonda, akawekwa chumba cha nyuma, na sahani yake ikatengwa. Majirani wakaanza kutusalimia wakiwa barabarani.

Mama Mwenyekiti hakupitia mlango wa mbele hata siku moja. Alikuja jioni kupitia jikoni, na kichane cha ndizi kichwani, ili yeyote atakayemwona adhani kwamba amemletea mama chakula cha usiku. Glavu hazikuwapo, kwa hiyo alivaa mifuko ya nailoni mikononi na kuifunga kwa kamba za mgomba, akachanganya maji katika beseni la bluu la jumuiya, akayapima kwa kiwiko kama anayetaka kumwogesha mtoto mchanga. Mimi nilikuwa nachungulia. Aliponiona hakunifukuza, alinituma sabuni. Alianza na miguu, huku akimsimulia mjomba ni nani aliyeuza kahawa mbichi ikiwa bado mtini na jinsi mnunuzi alivyompunja, kwa undani kabisa, kana kwamba mgonjwa mwenyewe angekwenda kuuza yake kesho asubuhi. Mjomba akacheka. Nakumbuka mama aliacha kumenya ndizi na kugeuka, kwa sababu kicheko kilikuwa hakijasikika katika nyumba ile kwa miezi.

Maaskofu wa AMECEA, ule umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipoamua mwaka 1976 kuzifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele cha kazi yao ya kichungaji, wengi wetu tulizielewa kuwa mahali pa kusali rozari na kukusanya michango. Yeye alizielewa kuwa orodha ya milango. Baada ya mazishi, mwanawe alinionyesha madaftari yake, na nilikaa nayo mpaka giza likaingia. Kila nyumba ina ukurasa wake, kwa kalamu ya risasi: sukari kilo moja, zamu ya kuteka maji, sare ya yatima, nauli ya hospitali. Jina la ugonjwa halimo popote. Baada ya mwaka 2004, dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure, kurasa zinabadilika na kuwa tarehe za kliniki, nani asindikizwe na nani akumbushwe. Halafu likaja tetemeko la Septemba 10, 2016, naye wakati huo akiwa amevuka miaka 70, na hapo kuna kurasa tatu za maturubai peke yake.

Nisikudanganye, alikuwa mtu mgumu. Alisoma hadharani majina ya wasiotoa mchango, na mwaka mmoja alimliza mama yangu mbele ya jumuiya nzima kwa ajili ya deni ambalo lilikuwa limeshalipwa. Hakuomba radhi, wiki iliyofuata alileta maharage, akayaweka mlangoni na kuondoka. Wasifu ule ulimfanya malaika, na nina hakika kwamba angemwita aliyeuandika na kumuuliza habari hizo amezitoa daftari gani.

Sasa mwanawe ameniomba niandike ukurasa mmoja wa kusomwa kwenye misa ya arobaini. Nakuomba uniandikie unachokikumbuka, hata kama ni kidogo. Nadhani alipita hata kwenu, kwa mlango wa nyuma. Kama hutaki lisemwe, sitaliandika. Yeye mwenyewe alikaa nalo miaka yote hii.

Jambo moja la mwisho. Katika daftari la mwaka 1990, kwenye ukurasa wa nyumba yetu, chini ya tarehe ya mazishi ya mjomba, ameandika: "Beseni 1, halijarudi." Mstari huo haujafutwa. Nilimuuliza mama, akanyamaza kidogo, kisha akanielekeza ghalani, nyuma ya magunia. Lilikuwapo, limepauka, ukingo umepasuka kidogo, na ndani yake kuku alikuwa ametaga. Nimeliosha. Jumuiya inasali kwa jirani yetu Jumamosi hii, nami nitalipeleka.

Wasalimie nyumbani.

Ndugu yako katika Kristo