Rosemary Karuga hakuanza sanaa uzeeni

Mhariri,

Kila nikisoma habari za marehemu Rosemary Karuga, hadithi huwa ni ile ile. Nyanya mmoja, mwalimu mstaafu, hana pesa za kununulia rangi, anakusanya karatasi za sabuni ya Rexona na pakiti za unga, anazikatakata na kuzibandika, na mwaka wa 1987, akikaribia miaka sitini, anaanza kuwa msanii. Ni hadithi tamu na sehemu kubwa ni ya kweli. Mimi hukwama hapo penye "anaanza". Naomba nafasi katika ukurasa wako nieleze kwa nini, maana hata mimi nimekula vumbi la chaki hadi nikastaafu, na somo la sanaa lilikuwa langu.

Mama Karuga alizaliwa Meru mwaka wa 1928, baba Mganda na mama Mkenya. Mwaka wa 1950 aliingia Makerere, katika shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell, akawa mwanamke wa kwanza kusomea hapo. Tusipite haraka. Makerere yenyewe ilikuwa imewafungulia wanawake mlango mwaka wa 1945 tu. Huku kwetu Mlima Kenya, enzi za mama yangu, msichana aliyefika darasa la nne alihesabiwa kuwa amesoma vya kutosha, kilichobaki ni ng'ombe na mbuzi wa mahari. Na huyu binti yuko Kampala anachonga, anapaka rangi, anajifunza kupanga ruwaza. Huwezi kumwita mtu huyo mwanagenzi wa mwaka wa 1987.

Alimaliza mwaka wa 1952 akarudi nyumbani, na kabla ya mwaka huo kuisha wakoloni wakatangaza Hali ya Hatari kwa sababu ya Mau Mau. Nani angekuwa ananunua picha? Akashika chaki, akaolewa, akapata watoto, akafundisha hadi akastaafu. Waandishi wengi huruka miaka hiyo kwa sentensi moja kama nilivyofanya sasa hivi, halafu wanakuja kushangaa kwamba sanaa "ilizuka" uzeeni.

Wanaoshangaa hawajawahi kufundisha shule ya msingi. Mwalimu wa darasa la tatu huchora kutwa. Anachora ramani ya Kenya bila kuangalia kitabu, anachora mmea wa maharagwe na mizizi yake, anachora ng'ombe, na akikosea pembe darasa zima linacheka. Akifika nyumbani kuna kuku wa kufungia, kuna jiko, kuna mtoto mwenye homa. Angalia basi picha za Mama Karuga zinaonyesha nini: mifugo ya nyumbani, wanawake, watu wa kijijini wakiendelea na shughuli zao. Hivyo ni vitu vya mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri miaka nenda miaka rudi kuvifungulia mlango. Mwenye kukaa studioni tangu ujana asingemjua kuku namna ile.

Aliyemhimiza arudie kazi yake alikuwa binti yake mwenyewe. Ningependa jambo hili litajwe kwa sauti. Mama amelea, amesomesha, ameshikilia nyumba, kisha mtoto mmoja anamgeukia na kumwambia sasa ni zamu yako. Sio wengi wetu tuliowaambia mama zetu hivyo. Sisi huwaletea wajukuu wawalee tena.

Mwaka wa 1987 akawa msanii mkaazi, yaani msanii anayepewa nafasi ya kufanyia kazi zake humo, katika jumba la sanaa la Paa ya Paa, Nairobi, lake Elimo Njau, ambaye naye ni wa Makerere. (Kwa wasiomjua: Njau ndiye aliyechora ukutani maisha ya Kristo katika kanisa la Murang'a mwaka wa 1959, Yesu na wafuasi wake wakiwa Waafrika. Ukipita huko, ingia uone.) Miaka mitatu baadaye, kazi za Mama Karuga zilikuwa New York, katika jumba la Studio Museum mtaani Harlem, kwenye maonyesho ya wasanii tisa wa kisasa kutoka Afrika. Alikuwa mwanamke pekee kati yao. Mmoja wa wale wanane alikuwa El Anatsui wa Ghana, ambaye baadaye dunia ilimpigia makofi kwa kuunganisha vifuniko vya chupa za pombe vikawa kama mapazia makubwa. Mama yetu alikuwa ameshawatangulia wengi katika kuona thamani ya kitu kilichotupwa, ila jina lake si watoto wengi wa Kenya wanaolijua.

Kuhusu zile karatasi sasa, kwa kuwa hapo ndipo watu hudhani ni mchezo wa kitoto. Nilijaribu njia hiyo na wanafunzi wangu wa darasa la sita. Tulipika gundi kwa unga wa ngano, uji mzito usio na madonge, tukakusanya pakiti kutoka kila nyumba. Mvulana mmoja alileta pakiti ya unga wa Jogoo, akamkata jogoo mzima kwa wembe, taratibu, hadi ncha ya mkia, akambandika katikati ya karatasi na kuniambia amemaliza. Nikamwambia amkatekate jogoo huyo vipande kama ukucha wa kidole cha mwisho, kisha atumie vipande hivyo kutengeneza mbuzi. Alinitazama kama niliyemwambia amchinje kuku wa jirani. Akafanya. Ilimchukua vipindi kadhaa, kwa sababu aligundua kwamba nyekundu ya kilemba haitoshi tumbo la mbuzi, kwamba nyekundu ya pakiti ya majani chai si sawa na hiyo, na kwamba ukizipanga mbili hizo kwa ujanja tumbo linatokeza kama lina nyasi ndani. Herufi nazo zilimsumbua. Ukiacha kipande kikubwa, jicho linasoma tangazo badala ya kumwona mbuzi.

Kazi ya Mama Karuga ni hiyo, ila kwa mkono wa mtu aliyesoma Makerere: vipande vidogo vidogo vya rangi vilivyokaa pamoja kama vigae vya zamani vya ukutani, na ukisogea nyuma hatua mbili unaona mnyama anapumua. Umaskini ulimnyima rangi ya kununua, sawa. Lakini umaskini haufundishi mtu mahali pa kuweka kijani kikavu kando ya kijani kibichi.

Somo letu la sanaa liliondolewa kwenye KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mitaala ilipopitiwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Vipindi vilibaki kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, na mwalimu mkuu wetu akavigawia Hisabati. Leo mtaala mpya wa umilisi, CBC, umerudisha sanaa, na ninasikia wazazi wakinung'unika kwamba watoto wanaagizwa magazeti ya zamani, maboksi na pakiti tupu. Nawaelewa wanaoamriwa kununua karatasi za manila na gundi za bei. Hilo mwalimu alitazame upya. Ila kuhusu pakiti tupu sina huruma. Mwambie mtoto kulikuwa na mwanamke wa Meru aliyefika Harlem nazo, kisha mpe mkasi.

Uzeeni Mama Karuga alihamia Ireland kuishi na binti yake, na huko ndiko alikofariki Februari 2021, akiwa na miaka 92, wakati korona bado imefunga safari na misiba. Wengi hapa nyumbani hatukuketi matanga wala kuimba. Labda ndiyo maana habari zake zilipita upesi.

Nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wenye picha zake, wawe majumba ya makumbusho, wafanyabiashara wa sanaa au watu binafsi wenye moja sebuleni. Toeni nakala nzuri zilizochapishwa, zipelekwe katika vyuo vya walimu. Mwanafunzi wa ualimu anayejifunza kufundisha sanaa leo anaweza kumtaja Picasso bila kufikiri. Aweze kumtaja na huyu, tena akiwa na picha mkononi.

La pili ni kwa wasomaji. Alifundisha miongo kadhaa, kwa hivyo wanafunzi wake wamo humu nchini, wengine ni babu na nyanya sasa. Mliokaa mbele yake darasani, andikeni kwa mhariri. Alikuwa mkali? Alichora nini ubaoni? Kuna aliyewahi kufutiwa picha yake akaambiwa aanze upya?

Mwalimu mstaafu,
Kerugoya