Tuwe makini kwa macho gani?

Ndugu Mhariri,

Miaka kumi na mbili nanunua gazeti lako na sijawahi kuandika hata mstari. Ile habari yenu ya vifaa vya kompyuta visivyo na ubora, mliyoimalizia kwa kutuasa wanunuzi tuwe makini, imenishinda kunyamaza.

Nina steshenari hapa Uyole. Mwaka jana nilinunua sokoni Mwanjelwa kidude cha waifai cha kuchomeka kwenye USB, boksi limejaa nembo za ubora. Kompyuta ikaikataa draiva yake, ile programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia kidude: haina sahihi. Mhariri, sahihi hiyo si urembo. Mtengenezaji hutakiwa kuijaribu draiva na kuipeleka Microsoft ndipo itiwe sahihi ya kidijitali, na tangu Windows Vista ya biti 64, mwaka 2007, draiva inayoingia kwenye kiini cha mfumo endeshi bila sahihi huzuiwa. Kompyuta ilinionya basi! Fundi wa dukani akanifundisha kuiziba mdomo: kila asubuhi niiwashe upya kupitia Startup Settings, nibonyeze F7, ulinzi ulale mpaka itakapozimwa tena. Wiki tatu nikabonyeza. Usiku wa mwisho wa maombi ya mikopo ya chuo, binti aliyetoka Igurusi yuko kwenye benchi langu tangu saa tisa mchana, tumebakiza kiambatisho kimoja, kioo kikageuka bluu, kompyuta ikaanguka. Tukawasha, tukaanza upya, bluu tena. Mara ya tatu saa sita ilishapita. Mama yake aliuza mpunga apate hela ya maombi yale. Nilishindwa hata kumtazama. Dukani nikajibiwa kwamba mali iliyofunguliwa hairudi.

Ni sawa na lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo. Mkulima wa viazi wa Isyonje anajua gunia halitakiwi kuzidi kilo 100, na bado linashonewa kilemba mbele ya macho ya watu.

TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu bandia Juni 2016, tulibonyeza *#06#, tukapata namba ya utambulisho wa simu, tukaituma kwenda 15090, tukajua moja. Kwa hivi vidude mnunuzi anauliza wapi? Iwekwe meza Mwanjelwa yenye kompyuta. Mtu achomeke kabla ya kulipa, sehemu ya draiva ifunguliwe, jina la aliyetia sahihi liandikwe kwenye risiti pamoja na toleo la Windows. Pasipo na jina, hela haitoki mfukoni. Kompyuta ya kuanzia nitaitoa mimi.

Mwenye steshenari,
Uyole, Mbeya