Risala ya Wazazi na Walezi wa Watoto Wenye Changamoto za Usemi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kumuaga Mwalimu Wetu Anayekwenda Masomoni

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu,
Ndugu Afisa Elimu Msingi,
Mwalimu Mkuu na walimu wote,
Viongozi wa dini na wa kata,
Wazazi wenzetu na watoto wetu wapendwa,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama, nawe Ndugu Mgeni Rasmi tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kukaa nasi chini ya mwembe huu. Karibu sana.

Leo tunamuaga mwalimu wetu wa kitengo cha elimu maalumu. Amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya tiba ya usemi na lugha katika Chuo Kikuu cha Ghana. Kozi hiyo ilianza mwaka 2016, inachukua miaka miwili, na inapokea watu waliosomea fani nyingine katika shahada ya kwanza, ndiyo maana mwalimu aliweza kuomba. Taaluma yenyewe si ngeni Afrika. Afrika Kusini wanaifundisha tangu miaka ya 1930, na jirani zetu wa Makerere walianza kutoa shahada ya kwanza mwaka 2008. Ni ngeni kwetu hapa, ambako mzazi akiuliza ampeleke wapi mtoto asiyesema, anaambiwa asubiri, atasema akikua.

Tumesubiri, Ndugu Mgeni Rasmi, na wakati tunasubiri tumefanya mengi. Mama mmoja kati yetu alipeleka mtoto wake wa miaka mitatu akakatwa kimeo. Hakusema. Mwaka uliofuata akakatwa udata, ule utando wa chini ya ulimi, bado hakusema. Mwalimu alipompokea mtoto huyu hapa shuleni, alisimama nyuma yake akagonga sufuria kwa mwiko, na mtoto hakugeuka. Mama anapenda kutusimulia siku ile, kila mara kwa maneno yaleyale: "Tulimkata udata, kumbe hasikii." Mtaalamu aliyesomea kazi hii huanza na masikio kabla ya kugusa ulimi. Jambo dogo hilo lingemwokoa mtoto visu viwili.

Tuseme sasa jinsi safari hii ya masomo ilivyoanza, maana wengi hapa wanaisikia kwa mara ya kwanza. Ilikuja kambi ya upasuaji wa watoto waliozaliwa na mpasuko wa mdomo na kaakaa. Baadaye akaja mtaalamu wa usemi kutoka Uingereza kuwaangalia waliokwisha kufungwa kaakaa, kama hewa bado inavujia puani wanapozungumza. Kifaa chake kilikuwa kioo kidogo cha mkononi. Anakishika chini ya pua, mtoto anatamka sentensi, kioo kikiingia ukungu ni dalili kwamba hewa inapita kusikotakiwa.

Mwalimu alikuwa mkalimani. Akamfundisha kijana mmoja kusema "Baba anapika wali." Kioo kikaingia ukungu. "Kaka anakata keki." Ukungu tena. Mtaalamu akaandika kwenye daftari lake, na mama wa mtoto akaanza kulia kwa kudhani upasuaji umeharibika na watarudi tena wodini. Mwalimu akaomba dakika moja. Akakishika kioo kile chini ya pua yake mwenyewe, akatamka sentensi zilezile, na kwake pia kikaingia ukungu. Akafikiri, kisha akacheka kwa sauti: ni ile "na" ya "anapika"! Sauti ya n hupita puani kwa kila binadamu, mzima na mgonjwa, na Kiswahili kimeijaza kwenye vitenzi vyake. Akabadilisha. "Baba hupika wali. Kaka hukata keki. Dada hufagia." Kioo kikabaki kikavu kabisa. Mtoto alikuwa amepona.

Mtaalamu yule hakuwa na kosa, na tunamwombea heri popote alipo. Alifunzwa vizuri, ila alifunzwa kwa lugha yake. Kabla ya kuondoka alimwambia mwalimu kwamba kazi hii inamhitaji mtu kama yeye.

Ndugu Mgeni Rasmi, ukituuliza kwa nini mtu mwenye shahada tayari arudi darasani miaka miwili, tunakuomba uitazame kazi yenyewe. Atajifunza mwili, kuanzia mapafu na zoloto hadi ubongo. Atajifunza kigugumizi, sauti iliyokauka, na watu wa kiharusi wanaojua wanachotaka kusema ila neno haliji. Na atajifunza kumeza, ambako wengi wetu hatukujua kwamba ni kazi ya mtaalamu huyu. Mgonjwa wa kiharusi anayepaliwa kila akinywa maji anaweza kupata homa ya mapafu na kufariki, na mara nyingine anachohitaji kwanza ni mtu wa kumpima, kumketisha wima, na kuamua kama uji mzito utamfaa kuliko maji. Hayo hayasomwi kwenye kitabu peke yake. Marekani, kwa mfano, mwanafunzi hutakiwa kufikisha saa zisizopungua 400 za vitendo, 25 za kutazama na 375 za kuhudumia watu chini ya msimamizi. Baada ya shahada hufanya kazi chini ya uangalizi kwa wiki 36 ndipo apate cheti kamili.

Kule Accra atahudumia watu wanaozungumza Kitwi, Kiga na Kiewe. Ameshatueleza kwamba utafiti wake anataka uwe wa Kiswahili, na sisi tunamuunga mkono kwa nguvu zote. Nani ameandika mtoto wa miaka minne anayesema Kiswahili anatakiwa awe amefika wapi? Mtoto akisema "kitabu yangu", je, ni tatizo la lugha, au ndivyo anavyosikia mtaani? Kwetu Kanda ya Ziwa watu wazima wengi hubadilishana l na r, na wapo wanaosema "samani" wakiwa na maana ya thamani, wala hawaumwi. Mtaalamu asiyejua haya atamtibu mtoto mzima na kumwacha yule aliye mgonjwa. Vipimo vilivyotungwa kwa Kiingereza haviwezi kutuambia, hata vikitafsiriwa vizuri namna gani, kioo kimetuonyesha.

Nauli ya ndege tumeikamilisha wenyewe. Wapo waliochanga fedha, wapo walioleta mpunga na dagaa tukauza mnadani, na wanafunzi wa darasa la saba walileta mia mia zao kwenye kopo. Ada ya mwaka wa kwanza ameilipa mwalimu mwenyewe kwa akiba yake. Ya mwaka wa pili haipo, na tunaomba ofisi yako itusaidie kutafuta wa kuichangia.

Tunaomba pia apewe ruhusa ya masomo yenye malipo, kwa kuwa ana mama mzee na watoto wawili wanaomtegemea.

Ombi letu la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Akirudi, apangiwe kazi aliyoisomea. Tumeona watu wakirudi na vyeti vyao na kukabidhiwa chaki ya hisabati darasa la tano. Tunaomba chumba kimoja hapa shuleni chenye mlango unaofungwa na utulivu, na siku mbili kwa wiki awe hospitali ya wilaya, ambako watu wa kiharusi wapo. Chumba tutakipaka rangi wenyewe.

Ndugu Mgeni Rasmi, risala hii utakabidhiwa na kijana yule wa kioo. Sasa yuko darasa la tatu. Ameomba akusalimie kwanza kwa sauti yake mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu, na salamu hiyo ameifanyia mazoezi wiki nzima.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa kwako na Katibu, kwa niaba ya wazazi na walezi.