Waokotaji Wako Wapi, Sudi?

Sudi ndugu yangu,

Habari za huko? Sisi hatujambo. Mama Zai anakusalimu, Babu Kalipa anakusalimu, na Mrefu naye angekusalimu lakini anaogopa utamkumbusha lile deni. Najua tumekaa kimya mno, mimi na wewe, ila kwa kuwa wote tuna hatia sawa hakuna wa kumdai mwenzake.

Kilichonifanya nishike kalamu ni rasimu yako ya kanuni. Babu Kalipa kanipa nakala, kaniambia niipitie kidogo tu. Basi nimeipitia, na hicho kidogo kimenikosesha usingizi. Wewe ndiye uliyekubali kuandaa mbio za retro, yaani za vigari vya umeme vya mtindo wa zamani vinavyofuata mifereji ya barabara yao, halafu mimi ndiye ninayehesabu dakika kitandani. Ni haki hii?

Nianze na sifa, maana unazistahili. Upande wa magari umeandika kama mtu ambaye vidole vyake vimeungua kwa kulehemu. Kipimo 1/24 cha gari halisi, chesisi ya shaba nyeupe na waya wa chuma, mota imelala kwa urefu wa gari, bodi ya plastiki angavu iliyopakwa rangi kwa ndani, namba zionekane, na dereva awe na kichwa na mabega, asiwe picha iliyobandikwa. Umetoa hata sababu, jambo ambalo waandishi wa kanuni huliruka: kwamba ilipofika 1968 watu walianza kuilaza mota mshazari, magari yakashika kona kwa namna ambayo ya zamani hayakuweza, na kwamba retro maana yake ni kubaki upande wa huku wa mlango huo. Safi sana. Wale wanaouliza "kwani mshazari una ubaya gani" wamejibiwa kabla hawajauliza.

Ugomvi wangu mdogo uko kwenye mabawa. Umeandika "bawa lolote ni marufuku." Sasa nikija na Chaparral 2E utanifanyaje? Gari lile halisi lilishindana kwenye mbio za Can-Am za Marekani na Kanada mwaka 1966 likiwa na bawa refu juu ya nguzo mbili, dunia nzima ililiona. Ukilikataa umekataa historia ambayo ndiyo tunayoishindania. Unachotaka kukizuia ni zile kuta za plastiki angavu ambazo watu hubandika ubavuni ili upepo uligandamize gari. Basi sema hivyo: bawa liruhusiwe pale tu ambapo gari halisi lilikuwa nalo, kwa umbo na mahali pake, na plastiki tupu ya kukamata upepo isiwepo. Mwenye gari alete picha. Lola T70 na McLaren M8 hazitakupa shida. Picha zake zimejaa kila mahali.

Jingine la haraka ni uwazi wa chini ya chesisi. Umeweka kipimo, hukuweka saa. Tairi za sponji huliwa, Sudi. Gari lililopita kwenye kipimo asubuhi linaweza kugoma mwisho wa mbio bila mtu kufanya hila yoyote. Ukikagua washindi baadaye kwa kipimo kilekile, utamnyang'anya mtu ushindi kwa sababu alikimbia sana. Chagua moja: ama upimwe kabla tu, ama uweke kipimo cha pili cha mwisho chenye huruma kidogo, na kiandikwe. Babu Kalipa anataka cha kwanza. Mimi sina upande, mradi kijulikane kabla ya gari la kwanza kuwekwa mezani.

Haya. Sasa lile lililonikosesha usingizi.

Umeandika kurasa na kurasa za gari, kisha siku yenyewe ya mbio ikapata aya mbili. Na katika aya hizo mbili sikuona neno "mwokotaji" hata mahali pamoja. Waokotaji wako wapi, Sudi? Gari likichomoka kwenye mfereji wake pale konani, nani analiokota na kulirudisha? Malaika?

Tufanye hesabu pamoja. Barabara ina njia nane. Tuseme ni ya muundo ule uitwao King, futi 155, kama mita 47. Umbali huo wote una kona ambazo mtu mmoja hawezi kuzifikia mbili kwa wakati mmoja. Ukitaka kazi iende vizuri unahitaji waokotaji sita, ukibana sana watano. Wewe umesema watakuja madereva kumi na wawili, na utatumia mzunguko wa kupokezana: wanane wanaendesha, wanaokaa nje wanaokota. Kumi na wawili kutoa wanane ni wanne. Wanne! Na mmoja wao lazima atakuwa chooni, na mwingine anabadilisha tairi, na wa tatu ni Mrefu, ambaye huangalia gari la rafiki yake tu.

Najua kwa nini umeupenda mpango huo. Unaokoa muda. Madereva kumi na wawili ni duru kumi na mbili, kila duru dakika 3, mapumziko ya dakika 2 katikati, jumla dakika 58 kwa daraja moja la magari. Kwenye karatasi unapendeza. Lakini jaribu kuwagawa makundi mawili ya sita: sita wanaendesha, sita wanaokota, kisha wanabadilishana. Kila kundi lipite njia zote nane, mbili zikibaki tupu kila duru. Hapo ni dakika 38 kwa kundi, 76 kwa yote mawili. Umeongeza dakika 18 kwa daraja, na kwa madaraja yako matatu ni dakika 54. Najua utapiga kelele. Punguza duru ziwe dakika 2 basi, utarudi kwenye dakika 60, karibu sawa na mpango wako wa kwanza. Gharama yake ni kwamba kila dereva ataendesha dakika 16 badala ya 24. Mimi ningechagua hizo 16 zenye mtu kila kona kuliko 24 ambazo nusu yake nimesimama nikiangalia gari langu limelala chali kama kombamwiko, huku mwokotaji yuko upande wa pili wa barabara.

Na usiniambie "watu watajitolea." Watu hujitolea kabla ya mbio zao, baada ya mbio zao wanakwenda kufungua mota. Andika: ukitoka kuendesha, unakwenda moja kwa moja kwenye kona yenye namba ya njia uliyomalizia. Asiyekwenda wala hakuleta wa badala, anakatwa mizunguko. Mingapi, amua wewe, lakini iume. Mizunguko miwili haimuumi yeyote.

Kisha waokotaji wenyewe waambiwe la kufanya, maana kuokota kuna utaratibu. Magari matatu yakigongana konani, yale yaliyogongwa yanarudishwa kwanza, mgongaji wa mwisho. Gari lililolala juu ya mfereji wa mwenzake linaondolewa kabla ya jingine lolote kurudishwa. Bodi ikichomoka, mwokotaji asianze kuibandika palepale huku mbio zinaendelea. Amkabidhi mwenyewe gari, na mwenyewe alitengeneze kwa muda wake. Nimeona mtu anachonga pini ya bodi konani kwa meno, magari saba yanampita puani.

Tukiwa hapohapo, nani anakata umeme? Umeandika "umeme utakatwa inapobidi." Inapobidi kwa nani? Dereva ambaye gari lake limetoka ataona inabidi. Anayeongoza ataona haibidi kabisa. Uwe mkononi mwa msimamizi mmoja peke yake, na sababu ziwe chache: gari limepanda njia ya mwingine na linakwenda, gari limeanguka sakafuni mahali ambapo mwokotaji hafikii, au mashine ya kuhesabu mizunguko imegoma. Gari kutoka tu si sababu. Kutoka ni sehemu ya mchezo. Ukiwa na waokotaji sita utakata umeme mara chache. Ukiwa na wanne utakata kila dakika, na hapo zile dakika ulizookoa zimeyeyuka. Unaona ninavyorudi palepale?

Mengine ni madogo. Utaratibu wa kuhama njia ufuate ule uliozoeleka: nyekundu, kijani, buluu, zambarau, nyeusi, manjano, chungwa, nyeupe, yaani, ukihesabu njia kutoka ukingo wa nyekundu, unapanda kwa njia za namba witiri na kushuka kwa namba shufwa. Hivyo hakuna anayeruka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kwa ghafla. Duru ikiisha gari libaki liliposimama, lihamishwe tu hadi njia inayofuata pale pale lilipo. Mwisho wa duru ya nane ndipo usome sehemu ya mzunguko. Barabara iwe na alama za sehemu, ziandikwe ubaoni, maana watu wawili wanaweza kulingana mizunguko kamili na kutofautiana kwa urefu wa mkono. Mashine haioni hilo; ni jicho na alama.

Gundi ya barabara iwe kazi ya mtu mmoja, kabla ya mazoezi, na kila mtu aone ilipopakwa. Ukiacha kila dereva apake yake, njia nyekundu itakuwa kama ukanda wa kunasia nzi na nyingine zitateleza. Kuhusu tairi kupakwa vitu, nilikuwa nataka kuandika mengi lakini nimechoka kugombana na Mrefu hata kwenye barua ambayo haisomi.

Mota za kugawa nazipenda. Zote kwenye boksi, kila mtu achukue bila kuchagua, zirudishwe jioni. Ila weka kanuni ya mota mbovu: dereva apewe nafasi moja ya kuijaribu na kubadilisha kabla ya mchujo, baada ya hapo hakuna. Usipoweka kikomo, kuna watu watabadilisha mpaka wapate ile iliyo kali, na nyote mtakuwa mmeketi mkisubiri. Halafu magari yakishakaguliwa yakae mezani pa ukaguzi, yasiguswe mpaka yaitwe. Mama Zai anaweza kuilinda meza hiyo. Nani atathubutu?

Lakini, Sudi, hata ukiyatupa haya yote ya gundi na mota, lile la waokotaji usilitupe. Kila ugomvi niliousikia kwenye mbio hizi ulianza na mtu kusema "gari langu lilikaa chini muda mrefu." Sijasikia hata mmoja ulioanzia kwenye upana wa chesisi, ingawa upana huo ndio wenye kurasa zako nyingi. Nadhani tunaandika sana kuhusu vinavyopimika kwa sababu vinapimika. Hilo nitakueleza tukionana, hapa litanipeleka mbali.

Sasa nijibu, tafadhali, na usijibu kwa neno moja kama desturi yako. Madereva hao kumi na wawili wamethibitisha, au ni idadi ya matumaini? Yupo hata mmoja ambaye hashindani, anayeweza kuwa msimamizi siku nzima? Asiyeendesha ndiye anayefaa kushika swichi. Wewe mwenyewe usiishike kama unaendesha, hata ukiwa mwadilifu namna gani, watasema. Unakubali mpango wa makundi mawili, au unataka tutafute wa katikati, labda madereva saba na waokotaji watano? Daraja la tatu ni lazima? Ukiliacha, dakika zote unazozililia zinarudi, na mimi sijaona nani analo gari la daraja hilo zaidi yako na Babu Kalipa. Ukaguzi nani anaufanya, yeye? Na gari lake mwenyewe nani atalikagua?

Na je, nije siku moja kabla nisaidie kufuta barabara na kujaribu mashine ya kuhesabu? Kama ndiyo, niambie mapema nije na kontrola yangu, kile kishikio cha kuendeshea, kwa sababu sijui soketi zenu zimefungwaje: nyeupe umeme, nyeusi mota, nyekundu breki, au kuna mtu alizigeuza?

Wasalimie wote nyumbani. Nasubiri kurasa za siku ya mbio, si za gari.

Ni mimi,
Hamadi

N.B. Chaparral ninayo kweli. Bawa limekauka gundi jana.